Mlezi wa Kisheria wa Mtu Mzima: Mamlaka Yake Yanaanzia Wapi na Kuishia Wapi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni yale ambayo familia za Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe huuliza zaidi pale mzee anapopoteza kumbukumbu, ndugu anapougua akili, au kijana mwenye ulemavu wa akili anapovuka umri wa mtoto. Majibu yanafuata sheria za Tanzania Bara. Neno "mlezi" limetumika hapa kama watu wanavyolitumia. Kwenye amri ya mahakama mara nyingi utakuta "msimamizi wa mali".

Nimemuuguza mama kwa miaka mingi, ndiye mimi niliyebaki nyumbani. Si tayari ni mlezi wake kisheria?

Hapana. Kumlisha, kumwogesha, kumpeleka kliniki na kumlipia dawa ni kazi ya ndugu, na hakuna anayehitaji karatasi ya mahakama kuifanya. Lakini utunzaji peke yake haukupi mamlaka ya kuuza mali yake, kukopa kwa jina lake wala kutia sahihi mahali pake. Mtu aliyetimiza miaka 18 huchukuliwa kuwa anaweza kuamua mambo yake mpaka ithibitike vinginevyo. Na hata ikithibitika mbele ya mahakama, mamlaka unayopewa ni yale yaliyoandikwa kwenye amri, basi.

Ugomvi mwingi unaofika kwa maofisa ustawi wa jamii unaanzia hapa: mtu amejitolea kweli, kwa jasho lake, kisha akaamini kwamba jasho lile limempa haki ya kuamua kila kitu.

Mwanangu ana ulemavu wa akili na sasa ana miaka 18. Nimemsainia kila kitu tangu azaliwe. Naendelea tu?

Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu mtoto kuwa ni mtu aliye chini ya miaka 18. Siku anapotimiza umri huo, sahihi yako kama mzazi haibebi tena uzito uliokuwa nao. Hospitali ya karibu inaweza isiulize, lakini benki itauliza.

Usikimbilie mahakamani kwa sababu ya umri tu. Kama hana ardhi, hana fedha benki wala hana kesi, huenda hakuna jambo lolote linalohitaji amri. Msaidie apate kitambulisho cha NIDA, mwandikishe kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na endelea kumsaidia kuamua kwa kumweleza polepole na kumpa nafasi ya kuchagua. Ombi la mahakama lina maana pale kuna jambo mahususi lililokwama: urithi wa marehemu baba yake, fidia ya barabara, akaunti isiyofunguka.

Kikao cha ukoo kimeniteua, na muhtasari una muhuri wa mtendaji wa kijiji. Hautoshi?

Hautoshi kuuza, kukopa wala kutoa fedha benki. Unatosha kwa kazi moja muhimu: kuambatanishwa kwenye ombi la mahakamani, uoneshe kwamba ndugu wameshirikishwa na hawapingi. Muhuri wa mtendaji unathibitisha kuwa kikao kilifanyika na waliohudhuria ni hao. Haugeuzi uamuzi wa ukoo kuwa amri ya mahakama.

Wanunuzi wa mashamba wanatakiwa kulielewa hili kuliko hata ndugu. Chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mtu asiye na uwezo wa kufanya mkataba ni batili. Mnunuzi aliyelipia shamba kwa nguvu ya muhtasari wa ukoo anaweza kulilima misimu mitatu, akajenga hata kibanda, kisha akalipoteza.

Ni nani hasa anaweza kuwekewa msimamizi? Babu haoni na amepooza upande mmoja.

Upofu, uziwi, kushindwa kutembea, kutojua kusoma au uzee wenyewe si sababu. Kiharusi kikimnyang'anya mtu maneno hakijamnyang'anya akili. Kinachoangaliwa ni kama anaelewa jambo lililo mbele yake, anakumbuka maelezo kwa muda wa kutosha kuyapima, na anaweza kutoa jibu lake kwa njia yoyote, iwe kwa kutikisa kichwa au kwa kuandika.

Sheria inayohusu usimamizi wa mali ya mtu mwenye ugonjwa wa akili ni Sheria ya Afya ya Akili ya 2008. Sambamba nayo kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 12 ya mkataba huo inasema watu wenye ulemavu wana uwezo wa kisheria sawa na wengine katika nyanja zote za maisha. Kwa hiyo swali la kwanza ni "tumsaidieje aamue?" Swali la "nani aamue kwa niaba yake?" linakuja baada ya hilo kushindikana.

Jaribio la kawaida lenye kusaidia: kaa naye asubuhi, kabla ya dawa zinazomlaza, mahali pasipo na kelele. Zungumza lugha anayoiota usiku. Mzee wa Mporoto aliyeishi maisha yake yote kwa Kisafwa akiulizwa kwa Kiswahili cha ofisini ataonekana amechanganyikiwa, kumbe hajaelewa tu. Mweleze jambo moja. Kisha mwombe alieleze yeye kwa maneno yake: shamba gani, linaenda kwa nani, kwa shilingi ngapi, baada ya hapo yeye atalima wapi. Usimwulize maswali ya ndiyo na hapana, maana wazee wengi husema "ndiyo, mwanangu" kwa heshima. Andika majibu yake kama alivyoyatamka. Rudia siku nyingine. Majibu mawili yakilingana, huyo anajua anachokisema hata kama amesahau leo ni siku gani.

Tunapataje amri ya mahakama?

Anzeni na daktari, si na wakili. Mnahitaji taarifa ya kitaalamu kutoka hospitali yenye huduma ya afya ya akili, kwa mfano Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya au hospitali ya rufaa ya mkoa wa Iringa. Cheti cha mstari mmoja kinachosema "mgonjwa wa akili" hakisaidii. Mwombeni daktari aandike ugonjwa ni upi, ulianza lini, unampata muda wote au unakuja na kuondoka, mambo gani mgonjwa anaweza kuamua mwenyewe na yapi hawezi, na kama kuna matumaini ya nafuu. Taarifa ikiwa ya zamani, mahakama inaweza kutaka nyingine.

Wakati hiyo inaandaliwa, fanyeni kikao cha familia na mwandike muhtasari wenye majina na sahihi, pamoja na sahihi za wanaopinga. Kumficha anayepinga ndiko kunakoua maombi mengi: atajitokeza siku ya kusikilizwa, au baya zaidi, baada ya amri kutoka. Chukueni barua ya utambulisho kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Tengenezeni orodha ya mali, kila shamba na mipaka yake, kila akaunti, mifugo, miti, nyumba, na madeni pia.

Kisha ombi lenyewe na hati ya kiapo. Kabla ya kuandika chochote, ulizeni masjala, yaani ofisi ya mahakama inayopokea mashauri, ombi lenu lifunguliwe ngazi gani. Mahakama Kuu ipo Mbeya na ipo Iringa, na mahakama za wilaya zipo jirani zaidi, lakini ombi lililopelekwa mahakama isiyo na mamlaka hutupwa kabla mambo yake hayajasikilizwa, na mnaanza upya. Mashauri siku hizi husajiliwa kwa mfumo wa kielektroniki, hivyo asiye na wakili aende masjala aombe kusaidiwa. Msiokuwa na uwezo wa kulipa wakili mnaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa wanaweza kuwaelekeza bila malipo.

Katika ombi, ombeni mamlaka mahususi. "Kusimamia mambo yake yote" ni maneno mapana yanayomtia hakimu wasiwasi, na yakikubaliwa huwatia wasiwasi benki. Bora mseme: kupokea pensheni yake kupitia akaunti fulani, kukusanya kodi ya vyumba vya nyumba fulani, kulipia matibabu, kuendesha shamba fulani. Mhusika mwenyewe aarifiwe, na kama anaweza kusafiri afike mahakamani. Ana haki ya kusikilizwa hata kama atakachosema ni "sitaki."

Baba alinipa hati ya uwakilishi kabla hajaanza kusahau. Si bado inafanya kazi?

Hili ndilo kosa linalowakuta hata wasomi. Hati ya uwakilishi (wengine huiita nguvu ya uwakili) ni uwakala, na kwa Sheria ya Mikataba uwakala hukoma pale aliyeutoa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Maana yake hati inakufa wakati ule ule unapoihitaji zaidi. Nchi nyingine, kwa mfano Uingereza, zina hati maalumu inayoendelea kuishi baada ya mtu kupoteza uwezo, na ndugu walioko huko hutuma fomu za aina hiyo nyumbani. Usizitegemee kuuza kiwanja Mbeya.

Baba akiwa bado anaelewa, hati ina kazi: anasaini mwenyewe, inashuhudiwa, na ikihusu ardhi yenye hati inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Akishapoteza uwezo, njia ni mahakama. Kuendelea kuitumia hati ukijua hali imebadilika kunakuweka wewe mwenyewe hatarini.

Amri ninayo mkononi. Naweza kuuza shamba ili tumtibu?

Soma amri. Kama haisemi kuuza, chukulia huwezi kuuza. Kuuza ardhi au nyumba, kuiweka rehani, kuitoa zawadi na kuipangisha kwa muda mrefu ni mambo ya kurudi mahakamani kuombea ruhusa ya pekee, ukiwa na sababu, makadirio ya bei na maelezo ya fedha zitakwenda wapi. Kusimamia ni kuitunza mali izae na imhudumie mwenyewe.

Kwa kanda hii mifano inayoleta utata ni mitatu.

Kukodisha ekari mbili za viazi mviringo kwa msimu mmoja ni usimamizi wa kawaida. Kumpa mwekezaji shamba apande parachichi ni jambo jingine kabisa. Mparachichi unaanza kulipa baada ya miaka kadhaa na unakaa shambani miongo, kwa hiyo mkataba wake humfunga mzee, warithi wake na labda wajukuu. Huo upelekwe mahakamani hata kama mwekezaji ana haraka. Haraka yake, kusema kweli, ndiyo sababu ya kuupeleka.

Miti ya mbao ndiyo inayofujwa zaidi Mufindi, Makete na Njombe, kwa sababu inauzwa ikiwa imesimama na fedha hulipwa mara moja. Mnunuzi hupenda paina ambazo hazijakomaa, kwa kuwa bei yake ni ndogo na yeye anaweza kusubiri. Mlezi anayeuza paina za miaka sita ili apate fedha leo amemtoa mzee kwenye faida ya miaka iliyobaki. Usitegemee hoja kwamba "miti si ardhi, nimeuza mazao tu." Ombi la ruhusa liitaje miti yenyewe, umri wake, idadi ya ekari na makadirio ya watu wawili wasiohusiana na mnunuzi.

Mfano wa tatu ni mkopo. Mlezi anachukua mkopo SACCOS kwa ajili ya biashara yake, anaweka shamba la mgonjwa kuwa dhamana, na anajipa moyo kwamba faida itamnufaisha mgonjwa pia. Mali ya mtu mwingine haiwi dhamana ya deni lako.

Ardhi ya kijiji ina ngazi nyingine juu ya hizo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 uhamisho wa hakimiliki ya kimila hupitia halmashauri ya kijiji. Ruhusa ya mahakama haiondoi hatua hiyo, na idhini ya kijiji haiondoi ruhusa ya mahakama.

Nyumba ni ya kaka, na shemeji yupo. Mimi ndiye msimamizi. Naweza kumwambia ahame?

Hapana. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inazuia mwenye nyumba ya ndoa kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzi wake. Kama kaka mwenyewe asingeweza, wewe uliyesimama mahali pake huwezi pia. Na mlezi hapewi mamlaka juu ya mke na watoto. Fedha za kaka zinatakiwa kuendelea kuwatunza.

Na fedha za kwenye simu? Namba ya siri naijua.

Kuijua namba ya siri si idhini. Mzee akiwa na akili zake na akakutuma ukamtolee 20,000 dukani kwa wakala, hapo umetumwa. Akiwa haelewi tena kiasi kilichomo wala kinachotoka, kila muamala ni wako na utauelezea wewe. Tatizo la simu ni kwamba muamala hubaki kwenye kumbukumbu za kampuni, huku sababu yake ikibaki kichwani mwako. Baada ya miaka miwili hutakumbuka 150,000 za tarehe fulani zilikwenda wapi, ila wadogo zako watakumbuka kuuliza.

Kwa benki, peleka nakala ya amri iliyothibitishwa na mahakama na taarifa ya daktari, na uombe akaunti iendeshwe kwa masharti ya amri. Usihamishie fedha kwenye akaunti yako binafsi hata kwa siku moja. Kwa wastaafu, zungumza mapema na ofisi ya PSSSF au NSSF iliyo karibu kuhusu uhakiki, maana mstaafu asiyehakikiwa anaweza kusimamishiwa malipo, na mgonjwa wa kitandani hawezi kupanda basi kwenda mjini. Kuweka mtu mwingine ajifanye ndiye ni jinai.

Kwa wakulima wa kahawa wa Mbozi na kakao wa Kyela: malipo ya chama cha msingi yaendelee kuingia kwa jina la mwanachama. Kubadilisha jina la mwanachama kwenda la mlezi ni kumpokonya uanachama.

Kuna siku anakuwa mzima kabisa. Siku hizo anaweza kusaini mwenyewe?

Ndiyo, inawezekana. Sheria ya Mikataba inakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida hana akili timamu lakini kuna vipindi anakuwa nayo, anaweza kufanya mkataba katika vipindi hivyo. Jambo kubwa ni ushahidi. Kwa shughuli yenye uzito, daktari amwone siku hiyo hiyo aandike, na shahidi asiye mnufaika awepo.

Dole gumba peke yake halithibitishi kitu. Linathibitisha kuwa kidole kilikuwepo. Mkataba wenye alama ya dole bila maelezo kwamba ulisomwa kwa sauti kwa lugha anayoielewa, nani aliusoma, na mwenye dole alijibu nini, ni mkataba unaosubiri kupingwa. Kama yupo msimamizi aliyeteuliwa kwa jambo hilo hilo, muulizeni wakili au mahakama kwanza kabla ya kumsainisha mgonjwa.

Naweza kuamua kuhusu matibabu yake? Je, kumfungia ndani asitoroke?

Amri ya kusimamia mali haisemi lolote kuhusu mwili wake. Unaweza kumpeleka hospitali, kueleza historia, kununua dawa, kumkumbusha kunywa. Matibabu yenyewe daktari huyazungumza na mgonjwa kwanza, kadiri anavyoelewa, na ndugu husaidia. Dharura ya kuokoa maisha haisubiri amri ya mtu.

Kulazwa bila ridhaa kuna utaratibu chini ya Sheria ya Afya ya Akili: kuna maombi, kuna uchunguzi wa madaktari, na kuna usimamizi wa sheria juu ya muda wa kukaa. Si jambo la ndugu kupatana na dereva wa bodaboda usiku. Kama amekuwa hatari kwake au kwa wengine, toa taarifa kituo cha afya, kwa afisa ustawi au polisi.

Kumfunga kamba, mnyororo au gogo, iwe nyumbani au kwa mganga, hakuruhusiwi kwa mlezi yeyote. Katiba inakataza mateso na adhabu za kutweza utu, na kumfungia mtu kinyume cha sheria ni kosa la jinai. Tunajua kwa nini watu hufanya hivyo: dawa zimekwisha zahanati, Mbeya mjini ni mbali, kazi za shamba zinangoja. Suluhisho la mtu anayezurura usiku ni kutafuta chanzo. Mara nyingi dawa imebadilishwa au imekatizwa, mkojo una maambukizi, au hapati usingizi kwa sababu analala mchana kutwa. Anzieni kwa daktari. Mlango wenye kengele na majirani waliojulishwa husaidia kuliko kufuli.

Kufunga kizazi au kumpa binti uzazi wa mpango kwa siri "asije akatuletea mtoto" kuko nje kabisa ya mamlaka ya mlezi. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, Ibara ya 23, unalinda haki yao ya kubaki na uwezo wa kuzaa. Na uzazi wa mpango haumkingi na anayembaka. Unaficha ushahidi tu.

Ndoa, kura, dini, ushahidi mahakamani: naweza kumwamulia?

Hapana kwa yote manne. Ndoa inahitaji ridhaa ya mwenyewe. Sheria ya Ndoa inasema ridhaa haipo kama mtu, kwa ugonjwa wa akili au ulevi, hakuelewa maana ya shughuli ile, na mlezi hawezi kuitoa mahali pake. Kura haina mwakilishi: Katiba, Ibara ya 5, inaruhusu Bunge kuweka masharti kuhusu mwenye ugonjwa wa akili, lakini haimpi ndugu kura ya pili. Dini yake ni yake, hata kama mlezi ameokoka juzi. Ushahidi anaweza kuutoa ikiwa anaelewa maswali na kujibu kwa maana. Sheria ya Ushahidi haimfungi mdomo kwa sababu ya ugonjwa peke yake, jambo ambalo polisi wa vituo vidogo husahau pale aliyefanyiwa ukatili ni binti mwenye ulemavu wa akili.

Jirani amevamia shamba lake. Nafungua kesi kwa jina la nani?

Kwa jina lake yeye, wewe ukisimama kumwakilisha. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Amri ya XXXI (hapa "Amri" ni sehemu ya sheria hiyo, si amri iliyokuteua), inaruhusu mtu asiye na akili timamu ashitaki kupitia mtu wa kumsimamia kwenye shauri, na akishitakiwa mahakama humteulia mtu wa kumtetea. Mpaka wake: huwezi kukubaliana na upande wa pili kumaliza kesi bila ruhusa ya mahakama. Suluhu mliyoandikiana kwenye benchi la nje inaweza kufutwa. Fahamu pia kuwa tangu mabadiliko ya 2021 mabaraza ya kata yanasuluhisha tu migogoro ya ardhi, hayatoi hukumu. Msiposuluhishwa, mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Nitoe hesabu kwa nani, na niziandike vipi?

Kwa mahakama iliyokuteua, kwa muda ambao amri imeutaja. Mweleze pia mgonjwa mwenyewe kadiri anavyoweza kufuata, na kwa amani ya nyumbani waoneshe ndugu.

Daftari moja la kurasa ngumu linatosha. Ukurasa wa kushoto mapato, wa kulia matumizi. Kila mstari uwe na tarehe, kitu, kiasi, nani alilipa au alilipwa, na namba ya risiti ambayo pia umeiandika kwenye risiti yenyewe. Mfano: "3 Julai. Mahindi kilo 1,400 kwa 600, jumla 840,000. Sahihi ya mnunuzi." Andika kilo, si magunia. Gunia la lumbesa limeshagombanisha ndugu wa kutosha. Mstari unaofuata: "5 Julai. Dawa za mwezi, 38,000, risiti 12." Pale pasipo na risiti, kama kibarua wa kupalilia, andika jina lake, siku alizofanya kazi na aweke sahihi au dole.

Mstari unaowaangusha walezi ni "matumizi mbalimbali 300,000." Hakuna hakimu anayeupenda, na hata aliyetumia kwa haki hawezi kuutetea.

Je, mlezi analipwa?

Unarudishiwa gharama halisi ulizotumia kwa ajili yake, zikiwa na uthibitisho. Malipo ya kazi yako usijikatie. Kama umeacha biashara ili umhudumie, iombe mahakama ikupangie kiasi. Kula chakula cha shamba lake mkiwa nyumba moja hakuna anayekulaumu. Kulipa ada ya watoto wako kwa pensheni yake ni jambo jingine.

Tunashuku mlezi anafuja mali. Twende wapi?

Kwanza mwombeni daftari, kwa maandishi, na mwacheni siku kadhaa. Wengi walioshukiwa ni wavivu wa kuandika kuliko wezi. Akikataa, nendeni kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na mpeleke maombi kwenye mahakama ile ile iliyotoa amri: inaweza kudai hesabu, kupunguza mamlaka au kumwondoa. Penye wizi au kughushi sahihi, polisi. Kama kuna shamba linalotaka kuuzwa wiki hii, andikeni barua ya pingamizi kwa halmashauri ya kijiji, au kwa ofisi ya ardhi kama lina hati, mkiambatanisha amri inayoonesha hana ruhusa ya kuuza. Barua hiyo ni ya kuwahi nayo asubuhi. Kurudisha shamba lililokwisha kuuzwa huchukua miaka.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kulalamika. Msimnyime simu na wageni, na mlezi anayewazuia ndugu kumwona bila sababu ya daktari ameshatoa dalili ya kwanza.

Amepona. Na kama amefariki?

Akipona, taarifa mpya ya daktari ipelekwe mahakamani ili amri ifutwe, naye akabidhiwe mali kwa orodha ile ile mliyoanza nayo. Mlezi asisubiri kuombwa.

Akifariki, mamlaka ya mlezi yanakoma hapo hapo. Hutoi tena fedha benki, hata za jeneza, na hutumii namba ya siri ya simu yake. Gharama za mazishi zinazotolewa na ndugu ziandikwe zidaiwe kwenye mirathi. Msimamizi wa mirathi anateuliwa na mahakama, mara nyingi Mahakama ya Mwanzo, na anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Ukoo haulazimiki kumpendekeza aliyekuwa mlezi. Kazi inayokubakia ni kufunga hesabu tarehe ya kifo, kumkabidhi msimamizi huyo daftari, risiti, funguo na hati za mashamba, na kumsainisha kila alichopokea.